Ukili, Mtindo Usioacha Taka

Ukitaja nyumba yenye mtindo siku hizi, wengi hufikiria vigae, taa za kuning'inia na zulia kutoka Uturuki. Mimi nasema nyumba za mwambao wetu zilikuwa na mtindo tangu hapo, na ulianzia miguuni, kwenye mkeka wa ukindu.

Kazi yake ni ya subira. Mkindu hupenda ardhi yenye maji, na makuti yake machanga hukatwa kabla hayajafunguka. Mkataji mwenye ujuzi huchukua kiasi na kuuacha moyo, kwa kuwa shina lililokatwa moyo halinyanyuki tena. Majani huanikwa juani hadi yapauke, huchanwa membamba, na yale ya kupambia huchemshwa na rangi. Zamani weusi ulitoka kwenye mizizi ya mdaa. Leo wengi hununua rangi ya unga dukani.

Mtazame mama wa Pemba akisuka ukili, ule ukanda mrefu wa kindu. Anazungumza na wageni, anamkanya mtoto, anaitikia salamu ya mpita njia, na vidole haviachi: ukindu mmoja juu, mwingine chini, kindu zikiwa zimeloweshwa kidogo ili jani lisikatike. Hana mchoro mbele yake. Hesabu yote iko kichwani, na ukindu mmoja wa rangi ukikosa zamu, pambo zima huenda upande. Ukili ukishakuwa mrefu wa kutosha, huushona ubavu kwa ubavu kwa shazia, sindano ya mikeka. Hapo ndipo fundi hujulikana: mshono umezama, na rangi za ukili huu zimeungana na za ule kana kwamba zilisukwa pamoja.

Wabunifu wa leo wanasaka kitu chepesi, cha matumizi mengi, kinachotengenezeka na kisicholemea mazingira. Mkeka una sifa hizo zote. Mchana huliwa juu yake, jioni watoto husomea, usiku hulaliwa, asubuhi hukunjwa na chumba kikabaki wazi. Pindo likichanika hushonwa. Ukichakaa kabisa, huoza ukawa udongo. Mkeka wa plastiki unaouzwa kando yake hung'aa kwa muda, kisha hukatikakatika, na vipande vyake huishia mtaroni na baharini.

Serikali zetu zimeuona mzigo huo. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya Agosti 2017, na Tanzania Bara kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Huo ulikuwa wakati wa kikapu, nacho kazi ya ukili, kurudi sokoni kwa heshima zake. Badala yake wengi tulikimbilia mifuko inayofanana na kitambaa, ilhali mingi yake ni polipropilini, yaani plastiki ile ile kwa sura nyingine. Kikapu cha ukili kimebaki kwa watalii na kwa wachache wenye kukithamini.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kwa ukili, msemo huo hautoshi. Uzuri wake unaonekana, lakini saa za msukaji hazionekani, na mnunuzi hulinganisha bei yake na ya kitu kilichotoka kwenye mashine kwa maelfu. Binti anayemwona mama yake akipunjwa kila siku ya soko hatakaa chini kujifunza kusuka, na hakuna hotuba ya mazingira itakayomshawishi. Ufundi hulindwa kwa malipo ya haki kabla ya kulindwa kwa maonyesho na makumbusho.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukienda sokoni kesho, nenda na kikapu. Kama huna, kinunue kwa aliyekisuka, na usianze kwa kuikata bei nusu. Kikitoboka, mrudishie akutilie kiraka, umlipe tena. Hivyo ndivyo binti yake naye atakavyoona sababu ya kujifunza.