Orodha Isiyojulikana Yaliyomo

Tangu mwaka 1998, Java ya toleo la 1.2 ilipotolewa na maktaba yake ya mikusanyiko, hata mwaka 2004, mwanaprogramu aliyetia vitu katika orodha alivitoa kila kimoja kikiwa kimevuliwa jina lake, kikiitwa Object tu, ikamlazimu akirudishie jina kwa dhana; na dhana ikikosea, kompaila haikunena neno, bali programu ilianguka ikiwa kazini, aghalabu mbali sana na mahali kosa lilipotendwa.

Toleo la 5 lilileta dawa: orodha ikaandikwa pamoja na aina ya vitu vyake. Lakini dawa ilizaa suali. Fundi atakaye methodi moja ya kugeuza orodha yoyote, mwisho uwe mwanzo, aseme ni orodha ya nini? Wengi hudhani kwamba orodha ya maneno ni orodha ya Object, maadamu kila neno ni Object. Sivyo; ingalikuwa hivyo, mtu angaliipokea kwa jina hilo, akatia nambari, na mwenyewe akija kuchukua neno angalikuta nambari. Safu za Java ziliachiwa udhaifu huo tangu mwanzo, na kwa hiyo kila kinachotiwa katika safu ya vitu hukaguliwa programu ikiwa inakwenda.

Jawabu, lililofanyiwa kazi na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, na wenzao wa kampuni ya Sun, ni alama ya kuuliza: List<?>. Naipenda kwa unyofu wake. Haisemi "aina zote". Husema "aina moja, nisiyoijua", na kompaila hulishika neno hilo kwa uaminifu: kutoa ni ruhusa, kwani kitokacho chochote ni Object. Kutia ni marufuku, isipokuwa null, iliyo halali kwa kila aina.

Basi orodha itageuzwaje, ikiwa hata kitu kilichotoka humo humo hakiruhusiwi kurejea? Hapa ndipo penye ustadi. Methodi ya nje yenye alama ya kuuliza huikabidhi orodha kwa methodi ya ndani, ambayo imeipa aina ile jina, T. Kompaila huridhia, kwa sababu aina hiyo, ingawa haijulikani, ni moja, na kilicho kimoja chaweza kupewa jina. Kitu hutoka kikiwa T, hurudi kikiwa T, wala hapana dhana iliyopita bila ushahidi.

Orodha ya orodha, kila moja na alama yake, haikubali hila hii, kwani moja yaweza kuwa ya maneno na jirani yake ya nambari, na T haiwezi kuzienea zote. Hizo hutolewa mojamoja, kila moja ikakabidhiwa peke yake.