Hevi metali: mnalinganisha ampu au mnalinganisha kelele?

Wapiga gitaa wa hevi metali wana dini zao: wapo wa Marshall JCM800, wapo wa Mesa/Boogie Dual Rectifier, wapo wa Peavey 5150. Video za kuzilinganisha zimejaa, na nyingi, niseme tu ukweli, hazilinganishi kitu.

Likizo iliyopita nyumbani Mvumi, Kilosa, nilitumia programu ya kompyuta inayoiga ampu hizo tatu, nikapitisha kipande kilekile cha gitaa kwenye spika ya kwaya. Mwanzoni nilipata nyuki. Spika ya gitaa hupunguza sana sauti za juu ya Hz 5,000 hivi. Ya kwaya inaziachia zote. Nilipowasha sehemu ya programu inayoiga spika ya gitaa, ndiyo tukaanza kusikia muziki. Yaani kabla ya kugombania ampu, ulizia spika kwanza!

Mdogo wangu akachagua Rectifier bila kusita. Kumbe ilikuwa juu kidogo kuliko wenzake. Nikaisawazisha. "Aa kaka, hii sasa inavuma tu." Sikio hudanganyika hivyo: kilicho juu kidogo tunakiona kizuri zaidi.

Je, hazina tofauti? Zipo. Ampu hukuza wimbi mpaka vichwa vyake vinakatwa. Piga A ya Hz 110 pamoja na E ya Hz 165: huko kukatwa kunazaa Hz 55, noti ambayo hakuna uzi ulioipiga. Ndiyo uzito wa metali huo. Lakini besi ikiingia nyingi kabla ya kukatwa, unapata uji. JCM800 huipunguza mapema, noti zikabaki zinasikika moja moja. Rectifier huiachia, ndiyo maana wapigaji wengi huiwekea pedali ya kubana besi mbele. 5150, iliyotoka 1992, hukuza sana bila kulegea. Kwa mapigo ya haraka naichagua hiyo, pamoja na mvumo wake ukinyamaza kupiga.

Halafu sikiliza Duma wa Nairobi, albamu yao ya 2020 iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Gitaa la Sam Karugu linazama kwenye ngoma za kompyuta na kelele za makusudi, mpaka hujui gitaa linaishia wapi. Nimeirudia mara nyingi, na bado sijapata hamu ya kuuliza ametumia ampu gani.