Mwimbaji na Waitikiaji: Nyimbo za Siasa katika Mwambao wa Ziwa Nyasa

Mtu atakaye kujua jinsi wanasiasa wapatavyo mamlaka juu ya umma huenda kwanza kwenye sheria za uchaguzi, hesabu za kura na hotuba za bungeni. Njia hiyo ni njema. Lakini katika nchi ya Mbinga, na katika mwambao wa Ziwa Nyasa toka Lituhi hata Liuli na Mbamba Bay, yampasa afike pia uwanjani penye ngoma. Kwani jimbo la Mbinga Magharibi liliwakilishwa bungeni, tangu 2005 hata 2015, na mtu ambaye Watanzania walio wengi walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa hoja: Kapteni John Komba, kiongozi wa kikundi cha Tanzania One Theatre, yaani TOT, kilichoundwa na Chama cha Mapinduzi mwaka 1992, wakati vyama vingi viliporuhusiwa. Sikusudii kuandika maisha ya marehemu, wala kumhukumu. Nauliza swali moja la usanii: wimbo wa siasa humfanya nini mtu ausikilizaye?

Kabla ya kujibu, yafaa tuutazame mganda, ngoma ya wanaume ipendwayo na Wanyasa wa mwambao na Wamatengo wa milimani, ambayo wenzi wake wa kike ni wachezaji wa kioda. Ukoo wake ni mmoja na beni, ngoma iliyozaliwa katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaenezwa bara na askari na wapagazi wa vita vya 1914 hata 1918. Watu wa mwambao huu hawakuhitaji kusimuliwa nguvu ya Mzungu. Tarehe 13 Agosti 1914, hapo Liuli, palipoitwa Sphinxhafen na Wajerumani, meli ya Waingereza Guendolen iliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilipokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Katika mganda nguvu ile ya wageni iligeuzwa mchezo. Wachezaji husimama kwa safu mithili ya askari, hujipa vyeo vya kikubwa, huvaa kwa unadhifu, na huimba kwa vibuyu vinavyoigeuza sauti ya mtu ikawa kama ya tarumbeta. Kijiji hualika kijiji, wageni hulishwa, kisha hutazamwa.

Neno hilo la mwisho ndilo zito. Cheo cha mchezaji wa mganda hakina amri juu ya mtu aliyesimama pembeni. Awe jenerali, awe mfalme, akikosea hatua atachekwa. Mtazamaji habanwi kuimba, wala haombwi kukubali jambo lolote. Kazi yake ni kupima, na akirudi kwao atasema wazi nani amecheza vizuri na nani amejitia tu makuu. Ngoma hii imeazima sura ya mamlaka, lakini hukumu imeiacha mikononi mwa watu.

Wimbo wa kampeni huiondoa hukumu hiyo, na huiondoa kwa ustadi. Chombo chake kikuu ni kiitikio. Mwimbaji hutoa kauli fupi, umma hupokea, na katika kupokea mtu huwa ameikiri kauli kwa kinywa chake mwenyewe kabla hajaiwaza. Hotuba aweza mtu kuisikiliza huku akitikisa kichwa kwa shaka. Kiitikio hakina nafasi ya shaka, kwa kuwa hakuna awezaye kuitikia kwa masharti. Ama utaimba, ama utanyamaza, na mwenye kunyamaza katikati ya waimbao huonekana mara moja.

Tuchukue ule usemi mashuhuri wa nyimbo za TOT, kwamba CCM ni nambari wani. Kwa sarufi ni sentensi ndogo mno. Lakini nambari wani hudai kuwapo orodha, na orodha hudai kuwapo wa pili na wa tatu, pamoja na kipimo kilichotumika kuwapanga. Wimbo hautaji hata kimoja cha hivyo. Umeazima lugha ya mashindano ukauacha ushindani wenyewe, na hayo yalifanyika wakati ule ule sheria ilipoleta ushindani kwa mara ya kwanza tangu 1965. Nakiri kwamba ni utunzi hodari. Hata wapinzani wa chama hicho waliujua kwa moyo.

Wala mbinu hii haikuanza na Komba. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi wamsaidie kulieneza, na katika Chama cha UKUTA marehemu Mathias Mnyampala akaistawisha ngonjera. Kwa umbo ngonjera ni majibizano, na mtu aweza kudhani imerithi malumbano ya kale, ambamo mshairi alimtupia mwenzake fumbo asijue litarudi vipi. Tofauti ni kubwa. Katika ngonjera nyingi za siasa mjinga huuliza, mwerevu hujibu, na mwishoni mjinga huridhika. Mpinzani amepewa beti, lakini matokeo yameamuliwa kabla ya ubeti wa kwanza. Kizazi kilichosoma ngonjera shuleni kilikuwa kimekwisha kuzoezwa kazi ya kuitikia.

Sasa twaja kwenye jambo gumu. Mwalimu alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, maombolezo ya taifa yalipata sauti, na sehemu kubwa ya sauti hiyo ilikuwa ya Komba na TOT. Nyimbo zile nasema bila kusita kwamba zilikuwa kazi zake bora. Hazikumwamuru mtu kulia. Zilimpa mahali pa kulilia, na watu walilia bila kuulizana vyama. Mwaka mmoja baadaye sauti ile ile ilisimama katika kampeni za uchaguzi wa 2000. Hapakuwa na sheria iliyovunjwa. Hata hivyo imani iliyopatikana katika msiba wa wote ilitumiwa kununua ushindi wa baadhi, na msikilizaji hakuwa na njia ya kutenganisha machozi yake na kura yake. Mimi hapa ndipo ninapoona matumizi mabaya ya mamlaka ya msanii, zaidi kuliko katika majigambo ya nambari wani, ambayo kila mtu aliyajua kuwa ni majigambo.

Mwaka huo huo wa 2000 neno takrima liliingia kwa nguvu katika siasa zetu. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi yaliruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura, mradi afanye kwa nia njema na kwa kufuata desturi. Wanafunzi wa lugha watatambua kwamba takrima, karamu na ukarimu ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu. Kwa hiyo rushwa ilivishwa heshima ya mwenyeji anayewalisha wageni waliokuja kucheza mganda. Lakini mwenyeji yule hulisha apate kutazamwa na kupimwa. Mgombea hulisha asipimwe. Mahakama Kuu iliifuta ruhusa hiyo mwaka 2006 kwa kuwa ilikiuka Katiba.

Ingekuwa dharau kudhani kwamba wapiga kura wa Mbinga Magharibi walilevywa na nyimbo tu. Walimjua Komba kuwa mtu wao, walimchagua 2005, wakamrudisha 2010. Hata hivyo, mpaka anafariki, barabara ya kutoka Mbinga kuteremka Mbamba Bay ilikuwa haijatiwa lami, na hapakuwa na kiitikio kilichouliza kwa nini. Shida ya aina hii ya wimbo ni kwamba wenye kuitikia hawakuachiwa ubeti wa kuulizia.

Alifariki Dar es Salaam tarehe 28 Februari 2015, akazikwa Lituhi. Katika uchaguzi wa mwaka ule jimbo liliitwa Nyasa, kwa jina la wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na nyimbo zake zikapigwa mikutanoni kana kwamba mwimbaji angalipo jukwaani.