Takhmisi ya Sauti Mbili: Kutoka "Ella and Louis" hadi "Salome"

Wapenzi wa ushairi wa mwambao wanaijua takhmisi. Mtunzi huchukua shairi la mwenzake aliyemtangulia, akaiacha mishororo miwili ya mwenyewe kama ilivyo, kisha akaitangulizia mitatu ya kwake, ubeti ukatimia mitano. Ndivyo alivyofanya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, alipoyatakhmisi maneno ya Liyongo. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana. Mitatu ikiwa dhaifu, msomaji huiruka akaikimbilia ile miwili. Ikiwa na makeke mno, humfunika mwenye shairi. Takhmisi njema humfanya msomaji aisome miwili ya kale kana kwamba ndiyo kwanza anaisikia.

Santuri ya zilipendwa haina budi kupimwa kwa mizani hiyo hiyo. Mwimbaji anayeurudia wimbo ambao kila mtu anaujua hana siri ya kufichua, wala hana kisa kipya cha kusimulia. Alicho nacho ni mishororo yake mitatu tu: namna anavyoingia, namna anavyovuta pumzi, na nafasi anayomwachia mwenye wimbo.

Mfano usiochuja ni "Ella and Louis", santuri iliyorekodiwa Hollywood tarehe 16 Agosti 1956 chini ya usimamizi wa Norman Granz wa kampuni ya Verve. Louis Armstrong, mwimbaji na mpiga tarumbeta, alikuwa na umri wa miaka 55. Ella Fitzgerald alikuwa na miaka 39. Nyuma yao walikuwapo Oscar Peterson kwenye piano, Herb Ellis kwenye gita, Ray Brown kwenye besi na Buddy Rich kwenye ngoma. Nyimbo ni 11, na hakuna hata mmoja uliokuwa mgeni kwa wasikilizaji wa Marekani. Nne kati yake ziliwahi kuimbwa na Fred Astaire katika filamu za miaka ya 1930, ukiwamo "Cheek to Cheek" wa Irving Berlin, uliotoka katika filamu ya "Top Hat" mwaka 1935.

Karibu nyimbo zote ni za mahaba, na wanaoziimba si mume na mke. Armstrong alikuwa na mkewe Lucille tangu mwaka 1942. Ella, kwa upande wake, aliwahi kuolewa na Ray Brown, wakaachana mwaka 1953. Na huyo Brown ndiye anayesikika akizidonoa nyuzi za besi chini ya sauti ya aliyekuwa mkewe. Msikilizaji anayetafuta humo ungamo la wapendanao atakuwa amebisha mlango usio wake. Mahaba yaliyomo ni ya wimbo wenyewe, na heshima iliyomo ni ya mafundi wawili wanaojua kupishana.

Kupishana huko ndiko kunakoipa santuri uhai. Sauti ya Ella ni nyororo, na kila silabi yake hufika mahali pake. Sauti ya Armstrong ina mikwaruzo, na aghalabu hulichelewesha neno kidogo, kama mtu anayelipima kwanza kabla ya kulitoa. Katika "Cheek to Cheek" Armstrong ndiye anayetangulia. Akishamaliza, muziki unahamishwa ufunguo ili umfae Ella, na mwishoni wanakutana. Hakuna anayemwiga mwenzake, wala anayemshinda. Maneno ni yale yale, lakini msikilizaji anayapokea mara mbili kwa maana mbili: kwanza kama mshangao wa mtu mzima aliyekwisha kata tamaa ya bahati, kisha kama furaha ya anayeiona bahati hiyo ni haki yake.

Tarumbeta nayo haipigwi kwa kujionyesha. Armstrong alikuwa na uwezo wa kuitikisa nyumba, lakini hapa anapiga vifungu vifupi vinavyokaa kando ya maneno kama kiitikio cha mzee barazani. Uamuzi huo wa kujizuia ni sehemu ya utunzi.

Mwenye kupenda vina atavutiwa hasa na "Moonlight in Vermont", kwa kuwa mashairi yake hayana vina kabisa. Waliofuatilia mjadala wa ushairi wa Kiswahili wa miaka ya 1970, ulipotoka "Malenga wa Bara" (1976) wa Mulokozi, mzaliwa wa Kagera, na mwenzake Kahigi, watalitambua swali: je, wimbo usio na vina una nini cha kuushikilia? Ella na Louis wanalijibu bila hoja. Wanaziacha picha zifuatane polepole, na kimya kilichopo baina ya picha moja na nyingine kinafanya kazi ambayo kina kingeifanya.

Santuri hii ina kasoro yake. Mwendo wake ni wa taratibu karibu mwanzo hadi mwisho, na mpiga ngoma hodari kama Rich anabaki kama aliyefungwa mikono. Mahaba yasiyo na ugomvi hata mmoja katika nyimbo 11 huchosha kidogo. Hata hivyo, kila wimbo umeachiwa uso wake.

Mizani hii ina kazi karibu zaidi na nyumbani. Mwaka 2001 Saida Karoli, mwimbaji wa Kihaya kutoka Bukoba, alitoa "Maria Salome", wimbo ambao wengi waliuita "Chambua Kama Karanga". Ulienea nchi nzima ingawa wengi wa walioucheza hawakuyaelewa maneno yake. Wilaya mbili za kusini mwa mkoa huo huo wa Kagera, Biharamulo na Ngara, zinaonyesha vizuri jinsi jambo hilo linavyotokea. Biharamulo wapo Wazinza, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kihaya. Hao huyadaka maneno mengi. Ngara wapo Wahangaza, ambao lugha yao iko upande wa Kirundi na Kinyarwanda. Hao hudaka neno hapa na pale, wakaujaza mwanya kwa kukisia. Ukifika mwambaoni, kinachobaki ni sauti na mdundo. Wimbo mmoja ulipendwa kwa daraja tatu za kuelewa, na kila daraja ilikuwa na utamu wake.

Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliutakhmisi wimbo huo wakautoa kwa jina la "Salome". Haki isemwe: vijana waliokuwa wachanga mwaka 2001 walilijua jina la Saida kwa sababu yake, naye akasikika tena, hata akatoa "Orugambo" mwaka 2017. Isitoshe, sauti ya asili ilithibitika kuwa imara. Ilivishwa nguo za dansi la mjini na bado ikatambulika.

Lakini mishororo mitatu ya wageni ni mingi mno juu ya miwili ya mwenyeji. Kihaya kimepungua, Kiswahili cha kumsifu mwanamke kimeenea, na waimbaji ni wawili ambao Saida si mmojawao, ilhali yu hai na koo lake lingali zima. Matokeo yake yanaonekana wazi kule kusini mwa Kagera. Mzinza wa Biharamulo, aliyekuwa akipata zaidi ya wengine, sasa anapata sawa na kila mtu. Hakuna aliyeongezewa, aliyekuwa na kingi ndiye aliyepunguziwa.

Hapo ndipo santuri ya 1956 inapokuwa na funzo. Armstrong na Ella walizikuta nyimbo za watu, wakazipa sauti mbili zisizofanana ndani ya chumba kimoja, na ufunguo ukahamishwa ili kila mmoja apate nafasi yake. "Salome" ingalikuwa takhmisi kamili lau ingalimpa Saida ubeti mmoja tu, kwa Kihaya chake, bila tafsiri. Mhangaza wa Ngara angekisia, Mzinza angeelewa, na msikilizaji wa mwambao angejua kwamba kuna mishororo miwili iliyotangulia, na kwamba ina mwenyewe.