Saadani, Jamani! Twiga Upande Huu, Mawimbi Upande Ule

Aisee, Saadani! Mchanga bado umejaa viatuni mwangu na sinyamazi mpaka nawe uende. Hifadhi ya Taifa tangu 2005, tena hapa hapa jirani na Bagamoyo, halafu sisi kila wikiendi tunabanana Coco Beach! Unaacha barabara kuu pale Mandera, unapita Miono, unapita Mkange, vumbi, mashimo, vumbi tena, mtandao wa simu unakata (raha iliyoje!), unaanza kujiuliza hivi kweli bahari iko huku? Mara twiga! Mrefu, mzuri, mwenye maringo yake, na nyuma ya shingo yake bluu tupu: Bahari ya Hindi yenyewe! Nilipiga ukelele mpaka dereva akakanyaga breki.

Na bado! Kulala ni kwenye hema, lakini futa kabisa picha ya hema la skauti. Kitanda kipana, shuka nyeupe za ubaridi mtamu, neti, bafu, halafu kati yako na pori ni turubai tu. Usiku sikulala vizuri, na wala sikutaka kulala! Huku mawimbi, kule kitu kinatafuna majani, kru, kru, kru, karibu kabisa na kichwa changu, na mpaka sasa sijui alikuwa nani. Simba wapo pia, kwa hiyo gizani hutoki bila kusindikizwa. Alfajiri nikafungua zipu taratiiibu: ngiri! Kapiga magoti ya mbele anakula nyasi kwa adabu zote. Kuniona tu, kasimamisha mkia, huyooo!

Halafu boti ya Mto Wami. We! Maji mazito ya rangi ya chai ya maziwa, mikoko imefunga pande zote, kimyaaa, kisha kiboko anaibuka ghafla na kupuliza pumzi ile nzito yenye harufu ya matope na nyasi chachu, unaisikia mpaka kifuani. Mamba anateleza majini bila hata kurusha tone. Mdiria anapita kama cheche ya bluu. Nilishika ubao wa boti mpaka vidole vikafa ganzi, huku nacheka peke yangu!

Na bado kuna Madete, ufuo ambako kasa wa kijani hupanda kutaga. Na bado kuna msitu wa Zaraninge! Na wale kamba wa nazi wa usiku, wanono, watamu, na wali wa moto... basi, niache.

Wenye hela zao huko duniani wanakwenda Churchill, Kanada, kutazama dubu weupe kwenye baridi kali. Waende salama! Mimi nachagua tembo na joto la pwani.

Ila usiende masika, njia zinageuka tope tupu. Nenda Julai au Agosti, na ukiulizwa hema gani, sema la upande wa bahari, usikubali jingine!