Nitafutie Maji Maji

Muuza vitabu wa Kariakoo alitutandikia miongozo minane ya Historia ya kidato cha nne juu ya turubai, akaipanga kama anayepanga samaki, minene mbele. Mpwa wangu alikwishanyosha mkono kuuchukua wenye jalada jekundu, ulioandikwa kwamba humo mna majibu yote. Nikamshika bega. "Subiri kwanza, mama. Nitafutie Maji Maji."

Njia hii sikuizua mimi. Mwalimu wangu wa Historia hakuwahi kununua kitabu kwa sababu ya jalada lake. Alikuwa na mada moja anayoijua nje ndani, biashara ya masafa marefu. Aliifungua hiyo, akasoma ukurasa mmoja akiwa amesimama dukani, na kwa ukurasa huo kitabu kikanunuliwa au kikarudishwa rafuni. Mimi nimechagua vita vya Maji Maji kwa kuwa kwetu ni Kilwa, na habari zake nilizisikia jikoni kabla sijazikuta darasani.

Ukurasa wa Maji Maji una mitego mingi. Mwongozo mwekundu uliweka mwaka sawasawa, 1905, kisha ukamtaja Mkwawa miongoni mwa viongozi wa vita hivyo. Mkwawa alikufa 1898! Watu wa Nandete walipoing'oa pamba ya Wajerumani na vita kuanza, alikuwa ameshafariki miaka saba kabla. Ukarudi kwenye turubai. Wa pili ulisema walikufa watu 75,000, ukaishia hapo, bila kutaja nani kahesabu. Hiyo ni hesabu ya serikali ya Wajerumani yenyewe. Wanahistoria wa baadaye wamekadiria 250,000 hadi 300,000, na wengi wa hao waliuawa na njaa baada ya mashamba na maghala yao kuchomwa moto. Wa tatu ulinichekesha. Ulikuwa na sababu sita za Maji Maji, na nilipofunua karatasi nikakuta sababu sita za vita vya Abushiri, zilezile, neno kwa neno, isipokuwa jina. Abushiri na watu wa pwani walisimama 1888, kampuni ya Wajerumani ilipokuja kushika forodha na kupandisha bendera yake. Wamatumbi wa Maji Maji walisimama kwa sababu ya pamba ya kulazimishwa. Mwandishi aliyeshindwa kuona tofauti ya forodha na shamba la pamba atamfundisha nini mtoto wa watu?

Wa nne ulikuwa mwembamba, umechapwa vibaya, na katika ramani yake Ziwa Victoria linafanana na doa la chai. Lakini ulieleza kwamba Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, kiongozi wa Maji Maji, alinyongwa Agosti 1905, wiki chache tu baada ya vita kuanza, halafu ukamgeukia msomaji: basi kwa nini vita viliendelea hadi 1907? Nikatoa pesa bila hata kuomba punguzo, jambo ambalo Kariakoo ni karibu na dhambi.

Wazazi wengi huona kazi hii ni ya dakika mbili. Mtoto anataja jina la kitabu, unalipa, unawahi daladala. Mimi naiona ni kazi ileile ya mwanahistoria, ila imevaa kandambili. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam, walikwenda vijijini kusini kukusanya simulizi za wazee juu ya Maji Maji. Kila mzee ilibidi apimwe: alikuwepo mwenyewe, au aliambiwa? Na aliyemwambia alijuaje? Mwongozo nao ni shahidi, tena shahidi aliyepokea habari mkono wa nne au wa tano, na anayeununua bila kuuhoji amekubali ushahidi usiku, taa ikiwa imezimwa.

Mitihani ya kujipima inataka jicho kali zaidi. Hapo mimi huanza na maswali ya kuchagua, na sitazami jibu sahihi, natazama yale ya uongo. Chukua swali hili: ni jamii gani iliyowavizia Wajerumani Lugalo mwaka 1891? Mtungaji mvivu atampa mtoto Wahehe, kisha Wazulu, Waashanti na Wamandinka. Hata aliyesinzia mwaka mzima atapata, maana anajua tu kwamba Lugalo haiko Afrika Kusini wala Ghana. Fundi ataweka Wahehe pamoja na Wayao, Wanyamwezi na Wangoni. Wote hao walipigana na Wajerumani: Machemba kwa Wayao, Isike kwa Wanyamwezi, Wangoni katika Maji Maji. Sasa mtoto hana pa kujificha. Akikosea, kosa lake litamwonyesha hasa ni wapi arudie kusoma. Kutunga jibu la uongo lenye heshima ni kazi ngumu, na sijui kwa nini hatuwasifu wanaoiweza.

Vivyo hivyo lile swali la kupanga matukio kwa mfuatano. Likitungwa vizuri halina hata mwaka mmoja ndani yake, na mtoto hulazimika kujiuliza lipi lisingetokea bila jingine kulitangulia.

Nina kovu langu katika jambo hili. Nilipokuwa kidato cha nne nilinunua kitini cha "maswali ya uhakika", nikakariri insha kumi na moja, hoja sita kila moja, utangulizi na hitimisho. Kwenye pepa likaja moja tu kati ya hayo, nalo limepinduliwa: badala ya sababu likataka athari. Nikaandika sababu. Nilijua kabisa ninachokifanya, mkono ukakataa kusimama.

Ndiyo maana kitu cha mwisho nilichomtafutia mpwa wangu hakikuwa cha kununua. Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, na mtu anazipata bure kwenye mtandao. Mle mna majibu halisi, kwa mwandiko wa wanafunzi wenyewe, yaliyopata na yaliyokosa, na maelezo ya kwa nini. Humo utamkuta mtoto aliyeandika sababu alipoulizwa athari. Nilipomkuta nilitamani kumwamkia.

Juzi usiku simu ikalia. "Shikamoo mjomba. Kile kitabu chako cha doa la chai kina makosa." Kinasema Seyyid Said alihamishia makao yake Zanzibar 1840, na daftari lake la shuleni linasema 1832. Nikamwambia vitabu vinatofautiana, kwa sababu sultani yule alikwenda na kurudi Muscat mara nyingi kabla ya kutulia.

"Sasa kwenye pepa niandike upi?"

"Nisomee swali."

Akasoma taratibu, kwa Kiingereza, kisha akanyamaza. Swali halikutaja mwaka popote. Lilitaka aeleze kwa nini alihama.

"Haya, usiku mwema mjomba," akasema, na kabla hajakata nikasikia karatasi zinafunuliwa.