Mgeni Asiyefungua Kinywa: Karamu ya Nkongolo katika Simulizi la Waluba

Katika simulizi la kuanzishwa kwa ufalme wa Waluba, pombe ina kazi kubwa kuliko vita. Mgeni anafika kijijini, anapokelewa vizuri, anawekewa chakula na malwa, yaani pombe ya nafaka, naye anakataa kula mbele za watu. Ndoa, wivu, shimo la mikuki na kichwa cha mwenyeji kinachokatwa mwishoni, vyote vinatokana na karamu ile iliyoharibika. Wasomaji wengi huipita mbio ili wafike penye mikuki. Kwangu mimi, ufundi wa msimulizi umejaa hapo penye chakula.

Simulizi hili halina mwandishi mmoja. Kabongo na Kasongo Niembo, nyumba mbili zilizogawana ufalme baada ya warithi kupigana mwishoni mwa karne ya 19, kila moja inalidai kuwa lake. Mbelgiji d'Orjo de Marchovelette aliichapisha historia ya utawala wa Kabongo mwaka 1950. Kabla ya karatasi kulikuwa na lukasa, kibao cha mti kinachoenea mkononi, kimepachikwa shanga na kuchongwa alama, ambacho watu wa chama cha Mbudye walikipitishia kidole huku wakisimulia. Shanga humkumbusha msimulizi watu na mahali. Maneno anayatia mwenyewe. Kwa hiyo matoleo yanapishana, nami hapa nafuata yale yanayojirudia katika mengi.

Mwenyeji ni Nkongolo Mwamba, mtu mwekundu anayefananishwa na upinde wa mvua, mlevi, mkali, anayelala na dada zake. Mgeni ni Mbidi Kiluwe, mwindaji kutoka mashariki. Tazama anavyoingizwa: yuko juu ya mti, na wanawake waliofuata maji wanaiona sura yake majini kabla ya kumwona yeye. Tangu mwanzo huyu ni mtu wa kuonekana kwa upande. Karamu inakuja kuithibitisha tabia hiyo.

Ukipanga vitendo vyao bega kwa bega, ufundi unajionyesha. Nkongolo anakula, anakunywa, anacheka, anauliza maswali. Mbele za watu Mbidi hali, hanywi, hacheki, hajibu. Mhusika mzima amejengwa kwa ukanushi, na kila anachokikataa kinamwongezea uzito. Wasikilizaji walijua sababu, maana mfalme wa Waluba hakuonekana akila wala akinywa. Chakula chake kilikuwa na wapishi wake na moto wake. Msimulizi haanzi kwa kuihubiri sheria hiyo. Anamwacha Nkongolo ashangae kwanza, amkebehi mgeni, hata atazame meno yake yaliyochongwa, ndipo tunapoona kwamba aliye juu ya kiti ndiye asiyejua adabu ya kiti. Kejeli hii imepikwa vizuri: tunajifunza utawala kwa kumtazama mtawala akikosea, mdomo umejaa.

Mbidi anaondoka akiwaacha dada wawili wa Nkongolo, Bulanda na Mabela, aliopewa wawe wake zake, wakiwa wajawazito. Bulanda anamzaa Kalala Ilunga, na kijana huyo anamshinda mjomba wake mchezoni. Katika baadhi ya matoleo mama yake Nkongolo anaangua kicheko kwa kushindwa huko, na mwanawe anamzika hai. Kicheko kilichokuwa raha ya mwenyeji sasa kimekuwa kosa la kufa. Ni mdomo uleule uliofunguka, ila umehamia kwa mtu mwingine.

Kisha linakuja shimo. Nkongolo anaita ngoma, anachimba shimo, anasimamisha mikuki ndani, anatandika mikeka juu, anamkaribisha Kalala acheze. Hapa msimulizi ameirudia karamu ya kwanza kwa kuigeuza. Kuna mwaliko tena, kuna furaha ya hadharani tena, na kuna kitu kilichofichwa. Mbidi alijificha ili anywe, na maficho yale yalilinda heshima. Nkongolo anaficha mikuki, na maficho yake ni ya kuua. Mtu asiyejua kusitiri akijaribu kusitiri, anasitiri mauti. (Hofu ya kilichofichwa penye kinywaji haijaisha: katika baa za Kongo mhudumu akileta bia ya Simba au Tembo huifungua mbele ya macho yako, na chupa iliyokuja wazi mteja huitilia shaka. Mfalme alijikinga kwa kujifungia. Mteja wa leo anajikinga kwa kutaka kuona.)

Anayemwokoa Kalala ni mpiga ngoma. Anayageuza mapigo, uwanja mzima unasikia, anaelewa mmoja tu. Ni sauti iliyo wazi na iliyofungwa kwa wakati mmoja, na sijui mahali pengine katika simulizi ambapo pande hizi mbili, wazi na fiche, zimekutana kwa ufupi wa namna hiyo. Kalala anaruka, anakimbia, anavuka mto hadi kwa baba yake, anarudi na jeshi. Mapigano yenyewe yanamalizwa upesi, na ni sawa.

Luc de Heusch, katika kitabu chake cha 1972 kuhusu mfalme mlevi, alimsoma Nkongolo kama upinde wa mvua unaozuia mvua, na Mbidi kama upande wa mvua na rutuba. Usomaji huo unaunganisha mengi, lakini unawapandisha watu wote mbinguni, na chakula kinapoa. Ukibaki chini unaona jambo lisilostarehesha: mlevi ndiye mkarimu. Nkongolo anatoa nyumba, chakula, pombe, dada zake. Mgeni anatoa masharti. Simulizi linatutaka tuwe upande wa mgeni, maana waliolihifadhi ni watawala waliojihesabu uzao wa Kalala Ilunga, lakini kila linapotaka uhai linarudi kwa Nkongolo. Yeye ndiye anayecheka na kukasirika na kupanga. Mbidi ni kama sanamu iliyotembea. Sidhani waliosimulia hawakuliona hilo.

Lawama yangu ni nyingine. Msimulizi mwenye jicho kali hivi kwa kinywa cha mnywaji hana habari na mkono wa mpishi. Kwa Waluba pombe ya nafaka ni kazi ya wanawake: kuotesha, kutwanga, kuchemsha, kungoja ichachuke. Bulanda na Mabela wanatajwa kama dada, kisha wake, kisha mama. Malwa iliyowekwa mbele ya Mbidi ilipikwa na nani, na yule aliyeipika alijisikiaje ilipokataliwa, simulizi linapita kimya, na kimya hicho, tofauti na cha Mbidi, sikioni kuwa ufundi.